Alisema Nini kwenye Simu

Wenzangu husema mimi ni mmbeya. Waongo. Mmbeya anapenda kusema; mimi napenda kujua, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ndiyo maana nilichukia mdogo wangu Lavonne alipopita uani kwake na sufuria kubwa, akikusanya simu za wageni wote.

"Tia, dada."

"Hata mimi? Mimi ni mama mkubwa wa Dorrell!"

"Wewe hasa. Jana watu walijua kila jina kabla halijatangazwa, kisa waandishi huyavujisha kwenye hizi simu. Leo nataka jina la mwanangu nilisikie kwenye televisheni, kwa masikio yangu, pamoja na nchi nzima. Tia."

Nikatia, huku nimenuna. Simu iliyobaki uani ilikuwa moja tu, ya mwanawe Dorrell, kwa kuwa wakala wake ndiye angempigia timu ikimtaka.

Ilikuwa siku ya pili ya uteuzi, ile ambayo timu za ligi kuu ya mpira wa kikapu huchagua wachezaji wapya, mmoja mmoja kwa zamu. Majina makubwa yalikwisha jana. Leo yalibaki ya vijana kama Dorrell wetu, waliomaliza chuo, wanaojulikana kwao na kwa wachache wengine. Kule New York, uteuzi ulikofanyika, kulikuwa usiku, lakini hapa Tacoma, pwani ya magharibi, jua lilikuwa bado linachoma, hata kaka yetu Rayford akalazimika kutundika shuka juu ya televisheni aliyoitoa kwenye gereji ili tuone picha.

Huyo Rayford naye alikuwa amenunua kofia za timu zote alizozipata dukani. Vibandiko vya bei alikuwa hajavitoa.

"Akishachaguliwa nabakiza moja, nyingine narudisha," akasema. "Na hii saladi ya viazi katengeneza nani?"

"Jirani."

"Jirani yupi? Mtu hali saladi ya viazi bila kumjua aliyeipika, jamani. Mnataka kuniua siku ya furaha?"

Watu wakacheka, nyama ya mbavu ikaendelea kugeuzwa motoni, majina yakaendelea kuitwa. Hakuna lililokuwa la Dorrell. Kila jina likitajwa Lavonne alikuwa akipiga makofi kidogo, kwa adabu, halafu anarudisha mikono mapajani. Alikuwa amevaa gauni la zambarau alilokuwa akilitunza kwa ajili ya jioni hiyo. Nilimhurumia mpaka nikasahau kununa.

Lakini aliyenishangaza ni kijana mwenyewe. Nilitegemea kumwona anatokwa jasho. Yeye alikuwa anakula. Akamaliza sahani, akaongeza nyingine. Anayengojea jambo la maisha yake anapata wapi tumbo la kula hivyo? Nikasogeza kiti ili nimwone vizuri.

Simu yake ikalia zikiwa zimebaki zamu chache. Akainuka, akaenda hadi kwenye uzio nyuma ya mapipa ya taka, akatupa mgongo. Televisheni ilionyesha timu moja ya mashariki ikiwa kwenye zamu yake.

"Ndiyo hao!" Rayford akapiga kelele. "Wamempigia! Wamempigia!"

Uani kukawa hakukaliki. Watu wakakumbatiana, mtu akafungua shampeni ikamwagikia saladi ya watu, Lavonne akapiga magoti kwenye nyasi na gauni lake lile lile. Rayford akapekua sanduku, akatoa kofia ya timu hiyo, akakimbia kumvisha mpwawe. Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimeona kitu. Kabla ya kukata simu, Dorrell alitikisa kichwa. Hakukubali kwa kichwa. Alikitikisa, kushoto na kulia, kama anayekataa kuongezewa chai.

Mtangazaji akapanda jukwaani. Akataja jina la kijana mrefu kutoka Serbia.

"Kakosea," akasema Rayford. "Si kakosea? Atarudia sasa hivi."

Hakurudia. Zamu zilizobaki zikaisha, na muziki ukapigwa, na matangazo ya magari yakaingia. Wageni walichukua simu zao kimyakimya, wakafunika sahani zao kwa karatasi za foili, wakamshika Lavonne bega kama watu wanaotoka msibani. Yeye aliwashukuru mmoja mmoja. Kisha akaketi.

"Dada, hata wa mwisho kabisa. Hawakumtaka hata kwa nafasi ya mwisho kabisa."

Sikuweza kukaa naye. Nilimfuata Dorrell jikoni, nikamkuta anakwangua mabaki kwenye sahani, ile kofia bado iko kichwani na kibandiko kinaning'inia.

"Ulisema nini kwenye simu?"

"Mama mkubwa, wewe nawe."

"Nilikuona ukitikisa kichwa. Sema, maana mimi sitoki hapa."

Akazima bomba. "Walitaka kunichagua. Lakini wananipeleka ng'ambo miaka miwili, halafu ndiyo waone. Wakishakuchagua umeshakuwa mali yao, timu nyingine ya ligi haikugusi hata ikikutaka vipi. Wakala aliniuliza, nikamwambia awaambie waniache. Asiyechaguliwa yuko huru. Kuna timu mbili zilisema zitapiga simu uteuzi ukiisha."

"Zimepiga?"

"Bado."

Nilikuwa nimelitaka jibu hilo kuliko chakula, na sasa nilitamani nisingelijua. Nikageuka, na Lavonne alikuwa mlangoni.

"Walikutaka," akasema.

"Mama..."

"Walikutaka, ukawaambia wasikuite. Nimepiga magoti kwenye nyasi mbele ya mtaa mzima, na wewe umesimama pale unajua."

"Nilitaka kukwambia, mama. Mjomba alikuwa ameshaanza kelele."

"Jina hilo nilikupa mimi, Dorrell. Ungeniuliza kwanza kabla ya kulizuia."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Lavonne hajui kudanganya, hajawahi kujua.

"Ningekwambia ukubali."

"Basi ndiyo maana sikuuliza."

Nilidhani atampiga. Alivuta kiti, akaketi, akafuta nyasi kwenye gauni. Simu ikalia juu ya meza katikati yetu. Dorrell aliitazama tu, asiiguse. Kumbe kijana alikuwa anaogopa muda wote ule.

"Pokea," akasema mama yake. "Na uweke spika."

Sauti ya wakala ikajaa jikoni. "Moja ya zile timu mbili imepiga! Wanakutaka kambini, na mkataba wameuandaa. Wanataka jibu sasa hivi. Uko hapo?"

Dorrell akamtazama mama yake. Lavonne akainamia simu.

"Mimi ni mama yake. Wanamtaka nani?"

"Samahani, mama?"

"Taja jina. Lote."

Wakala akasita. Kisha akalitamka polepole, kama mtu anayesoma. "Dorrell Emmanuel Haskins."

Lavonne akafumba macho.

"Kwa sauti," akasema. "Rayford yuko nje, hajasikia."