Kocha wa Tatu-Mbili

"Tatu-mbili!" Kocha Lachlan alirudia kwa sauti ya kumsemesha kiziwi. "Kifuani milimita tatu, mikononi na miguuni mbili. Ukimvika hilo gunia lako la tano, Mama Briar, atapiga makasia kama ng'ombe kwenye tope."

"Na nikimvika hicho kisoksi chako atatetemeka meno," Raewyn alisema. "Jumamosi alitoka majini hawezi kushika kijiko. Nimemlisha supu mtoto wa miaka kumi na mitano!"

Walikuwa kwenye maegesho juu ya ufuko wa St Clair, suti mbili za mpira zimelazwa kwenye buti la gari. Briar alisimama kati yao amejifunga taulo, anaangalia vidole vyake vya miguu. Mchujo wa wasichana wa kuteleza mawimbini ungeanza saa tatu, na mmoja tu ndiye angeingia timu ya mkoa wa Otago. Fomu ilikuwa kwapani mwa kocha, naye alishatamka: akivaa suti nene, haipeleki.

Raewyn angeweza kuisaini mwenyewe. Pale chini paliandikwa "kocha au mzazi". Briar ndiye aliyekataa. Hakutaka kuitwa mtoto wa mama.

"Tazama jua hilo," Lachlan alisema. "Maua kila bustani. Septemba hii, mama, baridi imekwisha."

Raewyn alimtazama kama mtu anayetazama viazi vilivyooza. Kocha alishuka kutoka Gold Coast, kwenye joto la Australia, mwezi wa pili, na tangu hapo anapima bahari kwa kuangalia juu. Mtoto wa darasa la pili hapa Dunedin, kusini mwa New Zealand, anajua kwamba bahari huchelewa. Baridi ya Julai inakolea majini Septemba, wakati wageni wanapiga picha maua.

"Waokoaji wameandika maji ni nyuzi nane na nusu kwenye ubao wao wa matangazo," alisema. "Au kusoma nako hujafundishwa?"

"Washindi hawasomi ubao. Wanavumilia. Mimi huwa navumilia."

Upepo wa kusini ukapita, ukafungua kola ya koti la kocha. Raewyn akaona kitu cheusi shingoni.

"Hicho nini?"

"Skafu."

"Skafu ya mpira?"

Kabla hajarudi nyuma, Raewyn alishaivuta zipu ya koti hadi tumboni. Kifuani, kwa rangi nyeupe, palisomeka tano na nne, na kofia ya suti ilikuwa imekunjwa mgongoni.

"Tano-nne!" Raewyn alisema. "Na kofia juu!"

"Mimi kazi yangu ni ya muda mrefu majini..."

"Majini wapi? Leo huingii hata kwa kidole! Umeivaa kusimamia mchanga!"

Briar aliinua uso. Kicheko kilimtoka puani.

"Kocha, si ulisema nene ni ya waoga?"

"Wewe bado kijana, damu inachemka."

"Damu yangu Jumamosi ilikuwa barafu." Akamgeukia mama yake. "Nipe ya tano. Na saini wewe, Mama."

"Briar, usije ukalia kwangu baadaye," Lachlan alisema huku akihangaika na zipu.

Raewyn aliichomoa fomu kwapani mwa kocha, akaiweka juu ya boneti, akafuta neno "kocha" kwa mstari mmoja, akatia sahihi yake. Briar alikuwa tayari amejibana ndani ya suti nene, anaruka mguu mmoja, anaguna kwa juhudi. Raewyn alimfunga zipu ya mgongoni, akamvutia kofia kichwani hadi masikio yakapotea.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Vizuri. Huyu hutamsikia tena. Twende."

Waliteremka ngazi pamoja, ubao wa kutelezea kwapani mwa binti, fomu mkononi mwa mama. Mwamuzi aliisoma, akaigonga muhuri, akampa Briar fulana nyekundu ya mashindano. Briar akaivaa juu ya suti na kukimbilia majini.