Viatu Mlangoni

...na bado anatemea mate miwani yake ya kuzamia, anaisugua kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha, msichana wa watu hana kosa, katoka zake Dar, kalipa, kaja, mgeni njoo mwenyeji apone, haya nipone basi, nimekaa ukingoni mwa boti na mtungi wa hewa unanivuta mgongo, na ile meli iliyozama iko hapa chini ya miguu yangu, imekaa wima kwenye mchanga pamoja na watu wake, na Mahfoudh mwenye boti anasema nini tena, anasema Amin, leo mwingize mgeni wetu Lulu mpaka chumba cha wanawake, anataka kupiga picha vile viatu... vile viatu, sikia, utadhani vya dukani. Siku zote mimi naishia juu, nawaonyesha wageni usukani, nawaonyesha samaki, wanafurahi, tunapanda, ule mlango wa chini naupitia mbali, aliyeingia ni Dadi, mwenzangu wa kazi, alimwingiza mgeni tope likatibuka wasione hata mikono yao, mgeni akashikwa na kiwewe, wakapanda mbio kuliko damu inavyoweza kuitoa hewa ya kina kile, mgeni akapona, Dadi miguu ikafa, yuko kwao Kiwangwa, mkewe ndiye anayembeba kumtoa nje akaote jua, na picha aliyopiga mgeni yule mlangoni ikatembea kwenye simu za watu, wakaipenda, ndiyo iliyomleta huyu... Bro, vile vya dhahabu bado vipo, si ndiyo, ananiuliza, nami namwambia vipo dada, vipo, ulimi wangu unajibu wenyewe. Asubuhi aliponionyesha hiyo picha nilivijua, plastiki ya rangi ya dhahabu, nyuma vimekanyagwa vikalala, Adila dada yangu ndivyo alivyokuwa, hana subira kiatu kimwingie, atakikanyaga hivyo hivyo aende zake, mama akimwambia we Adila, viatu hivyo unavivaa au vinakuvaa, naye anacheka, alicheka hivyo hivyo siku aliyopanda meli hii kwenda harusini Unguja na ndoo yake ya visheti... mle ndani wanawake walitandika mikeka wakalaza watoto, na mkeka haukanyagwi na kiatu, wakavivua, wakavitia kwenye kisanduku cha wavu kilichofungwa mlangoni, na maji yalipoingia nani angekumbuka viatu. Hodi, nasema moyoni, naangalia maji, hodi Adila... Mahfoudh ananisogelea, ananong'ona, Amin, usiwe na wasiwasi, mgeni ni mwanamke, na chumba ni cha wanawake, hapana ubaya, na anasema kwa dhati, si mtu mbaya, hakosi msikitini, namwambia mle melini mna watu, Mahfoudh, ananijibu Mungu awarehemu, yaliyobaki ni mabaki tu, mabaki, mabaki si ya wali, Mahfoudh, lakini hilo simwambii, mgeni ni mwanamke sawa, na mimi ninayetangulia ni nani, mwanamume mzima napita juu ya mikeka ya wanawake na taa mkononi, nammulikia mgeni dada yangu. Hodi, kwa mara ya pili... tulifundishwa wote wawili, mimi na yeye, tukitumwa chumvi kwa jirani, mama anatuita turudi anatukumbusha, ukikuta viatu mlangoni ujue wenyewe wamo ndani, piga hodi, usipoitikiwa piga tena, na ya tatu usipoitikiwa geuka urudi, usichungulie, Adila ndiye aliyekuwa akichungulia, akapigwa kofi, na mama huyo huyo mpaka leo hataki dua ya Adila isomwe, hataki mtu amwite marehemu, anasema hajarudi, hajarudi tu, nani kaona maiti... Poa bro, mimi tayari, anasema Lulu, kisha hapana, ngoja, ina ukungu, anaivua miwani, anaitemea mate upya, kidole gumba kinazunguka, kinazunguka, mtoto wa mama yake huyu naye, na mimi ndiye ningempeleka kwenye tope lile. Hodi, Adila. Maji kimya, boti inayumba kidogo, Mahfoudh anauliza Amin kunani, nimekaa pale pale ukingoni na mtungi mgongoni, lakini sishuki, aniite mwoga, aniachishe, atafute mwingine asiyemjua mtu mle ndani, mimi nitakwenda kwetu Makurunge, nitavua viatu mlangoni kwa mama, nitapiga hodi, naye ataitika karibu mwanangu, nitaingia, nitakaa mkekani, nitamwambia nimeviona viatu vyake, mama, msomee.