Upande Wenye Masizi

Jiwe lilikuwa tayari mikononi mwa Torquil Gillanders wakati wakili wa mwenye mlima alipomwamuru aliweke chini.

"Siwezi," alisema Torquil.

"Huwezi au hutaki?"

"Jiwe likishainuliwa halirudi chini. Linatafutiwa mahali pake."

Watu wa kijiji cha Achvoran, waliosimama kwenye nyasi zilizolowa, waliguna kwa kuafiki. Mjenzi wa kuta zisizo na saruji huchagua jiwe kwa macho kwanza, kisha kwa mikono. Anayeinua na kutupa hujitangaza kuwa bado mwanafunzi. Torquil alikuwa na miaka sitini na miwili. Tangu alipofikisha ishirini hakuwahi kutupa hata moja, na hakukusudia kuanza leo, mbele ya jaji.

Jaji wa ardhi, Bibi Lorimer, alikuwa amepanda mwenyewe kutoka barabarani, mabuti yake yamejaa tope hadi vifundoni. Alitaka kuuona ukuta kwa macho yake. Ukuta huo ulikata mlima katikati, na kwa miaka yote ambayo wazee wa Achvoran waliikumbuka, kondoo wao walilishwa upande wake wa chini na upande wa juu. Sasa mwenye mlima alitaka sehemu ya juu yote iwe ya kulungu wake wa kuwindwa. Wakili wake alidai kwamba huko juu hakuna mtu aliyewahi kuishi, kwamba yale magofu kumi na moja yaliyomezwa na majani yalikuwa mazizi tu, na kwamba kuwaachia wanakijiji walishe huko ulikuwa ukarimu wa tajiri ambao sasa umefika mwisho. Bila mlima, familia sita za Achvoran zingeuza mifugo na kuhama.

"Mheshimiwa," wakili alimgeukia jaji, "huyu ni kibarua wetu. Tumemlipa miaka arobaini aukarabati ukuta huu. Leo anaubomoa."

"Nimefungua pengo la hatua mbili tu," alisema Torquil. "Kabla ya giza nitakuwa nimeziba."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa mtu wa kuzungumza na mawe. Dada yake Murdina ndiye aliyezungumza na watu kwa niaba ya ukoo mzima, na hata sasa alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni, kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu anayekwenda vitani.

"Sema, Torquil," alisema Murdina. "Umenyamaza tangu nikiwa na meno yangu."

Torquil alilisogeza jiwe likae vizuri kifuani. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja.

"Jiwe hili ni jekundu," alianza. "Ukuta mzima ni wa kijivu, lile jiwe la hapa linalometameta. Lakini ndani yake kuna mekundu ishirini na mawili."

"Na tumeshalieleza hilo," wakili alimkatiza. "Daktari Fenwick, tafadhali."

Daktari Fenwick, mtaalamu wa miamba aliyeletwa na mwenye mlima, alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nyembamba. Alieleza kwamba zamani, kabla ya binadamu, barafu nene kuliko kilima chenyewe iliteleza juu ya nchi hii ikibeba mawe na kuyadondosha popote. Mjenzi wa ukuta aliyakuta yamelala shambani, akayatumia. Basi.

Torquil alitikisa kichwa polepole. "Daktari, umepanda mpaka kwenye jabali tupu pale juu?"

"Nimepanda. Lina mikwaruzo mizuri sana ya barafu."

"Mikwaruzo inasema barafu ilitoka wapi?"

"Magharibi. Ikaenda mashariki."

"Na jiwe jekundu namna hii, mwamba wake uko wapi?"

Daktari aliangalia jiwe, akaangalia mlima, akaangalia bonde lililoteremka kuelekea baharini. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyegundua kwamba ametoka nyumbani na viatu visivyo vya jozi moja.

"Pwani," alisema. "Maili tisa. Mashariki."

"Yaani barafu iligeuka, ikarudi kutuletea?" aliuliza Murdina. "Ilikuwa imesahau kitu?"

Kicheko kilipita katika umati. Jaji aliinamia daftari lake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hapana," alisema Daktari Fenwick, na, la kumsifu, hakutafuta pa kujificha. "Barafu haikuleta jiwe hilo. Limebebwa."

"Basi mwenye mlima wa wakati ule alilibeba kwa mkokoteni," alisema wakili haraka. "Kupamba ukuta wake."

Ndipo Torquil alipolipindua jiwe.

Upande uliokuwa umefichwa ndani ya ukuta ulikuwa bapa, umechongwa vizuri, na ulikuwa mweusi. Weusi wenyewe haukuwa wa tope wala kuvu. Jaji alivua glavu, akapitisha kidole, akakinusa.

"Masizi," alisema.

"Jiwe letu la kijivu halivumilii moto, Mheshimiwa. Likipata joto linapasuka na kurusha vipande usoni mwa mpishi. Kwa hiyo kila nyumba ilikwenda pwani kuchukua mawili mekundu ya kusimamisha meko. Walibeba mgongoni. Huko juu kuna magofu kumi na moja. Na humu kuna mawe ishirini na mawili. Yote nimeyashika. Yote yameungua."

"Mazizi," alisema Murdina, akimtazama wakili. "Bwana mkubwa, kondoo wa siku zile walijipikia uji?"

Wakili alisema pengine wajenzi walikosea tu kuyageuza. Torquil akamgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika hadi nyuma ya umati.

"Mjenzi huweka uso mzuri nje. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Kugeuza uso uliochongwa ukaangalia ndani, mara moja ni kosa. Mara ishirini na mbili ni watu. Walifukuzwa, wakalipwa senti wabomoe nyumba zao wenyewe na kujenga ukuta huu, nao wakaficha meko yao ndani, jozi kwa jozi, yasubiri. Baba yangu alinionyesha. Akaniambia, karabati ukuta, yarudishe kama ulivyoyakuta, na unyamaze, maana tunakula kwa mkono wa mwenye mlima." Bado hakulishusha jiwe. "Nimeyarudisha miaka arobaini. Leo sirudishi."

Jaji aliandika, akapiga mstari, akaandika tena.

"Hukumu nitaiandika wiki ijayo," alisema hatimaye. "Lakini hao waliokuwa na meko walikuwa na makazi, na waliokuwa na makazi walikuwa na malisho. Hilo sitahitaji wiki nzima kuliandika." Alifunga daftari. "Na wewe, Bwana Gillanders. Hilo pengo lisizibwe."

"Mheshimiwa, ukuta haulali wazi. Haijawahi kutokea."

"Leo utalala."

Wakili aliteremka bila kuaga. Daktari Fenwick alibaki, akamwomba Torquil ruhusa ya kuligusa jiwe, akaligusa kama mtu anayesalimia mgonjwa.

"Utaliweka wapi sasa?" aliuliza.

Torquil alipita kwenye pengo, jiwe kifuani, akaanza kupanda. Murdina alimfuata akihema na kumlaani kwa mapenzi, na watu wakafuata, hadi kwenye gofu la tatu, lile ambalo baba yao alilivulia kofia kila alipolipita. Torquil alipiga magoti. Alifukua majani kwa kiwiko hadi akapata shimo dogo la meko lenye pembe nne, na ndani yake majivu yaliyogeuka udongo.

Jiwe liliingia bila kusukumwa, uso mweusi mbele.

Chini yao nyundo yake na kamba vilikuwa vimelala majanini pale alipoviacha. Kondoo jike mzee alifika kwenye pengo, akanusa mawe ya upande huu, akanusa ya upande ule. Kisha akapita, na wengine nyuma yake, mmoja mmoja, wakipanda bila haraka huku mvua nyepesi ikianza.