Mzula wa Mume Wangu

Mume wangu Lupakisyo nimemlea mwenyewe tangu anaota meno. Mnaocheka, chekeni. Ni mjukuu wangu, na kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, hilo halina mjadala. Msichana atakayeolewa naye ni mke mwenzangu. Nina haki ya kumtukana mpaka nichoke, na yeye ana haki ya kunirudishia. Ndiyo utani wenyewe huo.

Kwa hiyo siku aliyomleta Vaileth kutoka Mikumi, nilikuwa nimejiandaa. Lupakisyo ni fundi wa malori kule, na Vaileth anauza supu jirani na gereji. Mapenzi yalianzia kwenye bakuli. Binti akaingia uani kwangu hapa Kimamba, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi," nikamjibu. "Umekuja kuniibia mume na hiyo miguu ya korongo?"

Akatazama chini. "Samahani, bibi."

Samahani! Nani kaomba samahani hapa? Nikamjaribu tena wakati wa chakula, nikamwambia analima wali kama trekta la mashamba ya Kilangali. Akaweka kijiko chini na hakula tena. Lupakisyo akanikonyeza niache. Nikaacha, lakini roho iliniuma.

Niseme ukweli, niliogopa. Kaka yake Lupakisyo, Ulimboka, alioa msichana mpole hivyohivyo, ndiyo bibi, samahani bibi, wakahamia Tunduma. Sasa sauti yake naisikia Krismasi tu, tena mtandao ukipenda. Mtu asiyekutania hajakuzoea, na asiyekuzoea atakuja kwako kufanya nini? Na Lupakisyo naye alikuwa amepata kazi Makambako, kwenye baridi. Yule binti akimchukua na upole wake ule, basi tena, mimi nimebaki na kuku.

Nikaamua kumfumia mzula, kofia ya sufu ya kufunika mpaka masikio. Kila akiuvaa kule kwenye baridi, akumbuke ana mke mkubwa Kimamba.

Mimi nafuma masweta ya shule. Mashine yangu imefungwa kwenye meza sebuleni, sindano zimejipanga safu moja, nami nasukuma mkono wake kulia, kushoto, kulia, krwaa, krwaa. Jirani yangu Mama Sikuzani analalamika hapati usingizi wa mchana. Asilale, kwani ni mgonjwa? Masweta yangu yote ni ya rangi moja, labda mstari shingoni. Mapambo sijawahi. Lakini kwa mume wangu nilitaka tembo wa Mikumi, wa njano, wakizunguka kichwa kizima juu ya rangi ya damu ya mzee. Nyuzi zote hizo zilikuwa zimebaki kwenye masweta ya watoto.

Kumbe tembo wana kazi! Kila mstari unachagua sindano kwa kidole, hizi za njano, hizi za damu ya mzee, ndipo unasukuma. Uzi ambao zamu yake haijafika unapita nyuma ya mwenzake. Sasa kwenye mashine, upande wa nyuma ndio unaokutazama wewe mfumaji. Nikaona zile nyuzi zinazopita zimelegea, zinaning'inia. Toba! Mimi niliyefokewa na akina mama wa Kimamba nzima kwamba ncha za nyuzi zilizolegea ndani ya masweta yangu zinanasa vidole vya watoto wao! Nikazivuta. Kila mstari nikaukaza, mpaka nyuma ikanyooka kama shuka la mgeni. Nikashona ubavuni, nikakusanya juu, nikatia kishada. Nilipougeuza, tembo hawa hapa, wanene, mikonga juu. Nikajisifu kwa sauti mpaka paka akaondoka.

Jumapili wakaja kuaga.

"Mume wangu, vaa," nikasema, nikimtazama Vaileth kwa pembe ya jicho.

Akavaa. Mzula ukagoma juu ya masikio. Akauvuta, kwa mikono ile ya kufungulia matairi ya malori, kishada kikabaki mkononi. Mzula haukutanuka hata kidogo, maana zile nyuzi nilizozikaza nyuma zilikuwa zimeufunga pande zote. Na Lupakisyo ana kichwa cha marehemu babu yake, debe zima. Akasimama pale, mzula umemkalia utosini kama kizibo, halafu kwa kunipenda akasema, "Bibi, umenikaa vizuri sana."

"Vua, mwongo mkubwa," nikasema, na machozi yakanilenga. Tembo wote wale, vidole vyangu vyote vile, na mume wangu anaondoka kichwa wazi.

Vaileth akauchukua. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye nyuzi za nyuma, akaugeuza tena. Kisha akauvaa yeye. Ukashuka mpaka kwenye nyusi, sawasawa, kana kwamba nilimpima. Na jua lile la Kimamba! Jasho likaanza kumtiririka, hakuvua. Akapiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mke mkubwa," akasema, "umezibana nyuzi kama unavyombana mume wetu. Ona sasa, tembo wako wote wamehamia kwangu."

Lupakisyo akaziba mdomo kwa kishada.

"Mama alinikataza nisikujibu mpaka nikuzoee," akaendelea yule mwizi. "Nimechoka kusubiri. Na miguu yangu ya korongo usiitukane, ndiyo itakayonileta hapa kila Pasaka, nije nione kama umekufa, nirithi mashine."

Jamani! Nilicheka mpaka khanga ikanidondoka. Nikamwambia sifi ng'o, nitamzika yeye na sufuria lake la supu, Mikumi nzima ipumzike. Akanijibu kwamba supu yake inanukia kuliko mdomo wangu. Lupakisyo akaomba tunyamaze, tukamgeukia wote wawili tukamtukana. Siku ile wali uliliwa mpaka ukoko, na aliyekula ukoko alikuwa na mzula kichwani.

Walipokuwa wanapanda bodaboda kwenda Kilosa kushika basi, Lupakisyo akanishika mkono. "Bibi, nifumie mwingine basi. Unitumie kwa basi, nitaupokea stendi."

"Kwa basi situmi," nikasema. "Mke mwenzangu atakuja kuuchukua mwenyewe."

Mchana ule nikakaa kwenye mashine nikaanza upya. Nyuzi za nyuma nimeziacha zipite zenyewe, sizivuti. Mama Sikuzani ameshapiga kelele mara mbili dirishani, nami nasukuma polepole, kwa sababu Pasaka bado.