Dawa Iliyomwagwa Chooni

Hanna alilikuta boksi la dawa yake likiwa tupu, limetupwa juu ya kuni jikoni. Mimba tatu zilikwisha kumtoka, zote kabla tumbo halijaonekana. Alipoanza kutokwa na damu akiwa na hii ya nne, daktari mmoja mjini Arusha alimwandikia vidonge vya homoni vya kuweka ukeni asubuhi na jioni. Hakumdanganya: kwa mwanamke aliyepitia hayo vinaweza kusaidia mimba isitoke, ila si ahadi.

Alimuuliza mama mkwe wake, Mama Gidion, aliyekuwa akimenya ndizi. Akajibiwa, bila kuinuliwa uso, kwamba vimemwagwa chooni. Homoni ndizo hizo hizo za uzazi wa mpango, alisema mama yule. Eti Hanna aliliharibu tumbo kwazo tangu usichana, na sasa anataka kuumaliza ukoo.

Maneno hayo Hanna alikwisha kuyameza kila mimba ilipotoka, kisha akarudi kuchuma kahawa kama hakuna kilichotokea. Akamgeukia mumewe aliyesimama mlangoni.

"Gidion, ulijua?"

Gidion akakiri. Alijua tangu asubuhi. Hakutaka kugombana na mama.

"Basi baki naye," Hanna alisema. "Watatu nimewalilia peke yangu, wewe umenyamaza. Huyu simpotezi kwa ajili ya adabu."

Mama Gidion akauliza kama hivyo ndivyo wakwe wanavyoheshimiwa siku hizi.

"Heshima nitakupa, mama, mpaka nife. Tumbo langu sikupi."

Siku hiyo hiyo aliondoka kijijini Kikatiti, akanunua dawa nyingine mjini na kuhamia kwa dada yake, mtaa wa Kijenge. Kila Jumapili Gidion alileta ndizi. Dada mtu alizipokea, Hanna hakutoka chumbani. Alimfungulia tu siku aliposema kwamba amemkanya mama yake mbele ya wajomba, na kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kosa. Alimfungulia, lakini hakumchekea.

Alijifungua salama mtoto wa kike. Daktari alisema huenda dawa ilisaidia. Hakuna awezaye kuapa.

Mama Gidion alikuja Kijenge na chungu cha mtori, supu ya ndizi ya mzazi, akimshukuru Mungu kwa sauti, akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Hanna akamkumbatia mwanawe zaidi.

"Kwanza uniombe radhi, mama."

Mama Gidion aliuweka mtori chini, akafunga vizuri kanga yake, akatoka. Gidion alisimama amfuate, akamtazama mkewe, akaketi tena. Hanna hakumwita mama yule arudi. Alimnyonyesha mtoto, hasira ikiwa bado moto kifuani.