Nyumba Ndogo ya Mteja wa Ng'ambo

Nyumba ilifika Jumanne saa nne asubuhi, wakati fundi cherehani alikuwa anafumua zipu ya suruali aliyoishona kinyume. Ilikuja kwa barabara kuu, ikapisha lori la saruji, ikakata kona taratibu na kukaa kwenye kiwanja kitupu mbele ya kibanda chake cha kazi, pale majirani wanapoanika nguo. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule, bati la bluu na vumbi la safari hadi madirishani. Kamba ya nguo ilikatika, mashuka mawili yakaingia chini ya msingi. Mlangoni palikuwa na karatasi ya forodha: "Nyumba moja, iliyotumika. Haina mizigo. Imeulizwa mwenyewe ni nani, haikujibu."

Fundi alimaliza zipu kwanza, maana mwenye suruali alikuwa amesimama pale pale na taulo kiunoni. Kisha akachukua tepu, akavuka, akapima dirisha la kwanza. Upana sentimita mia moja na ishirini, kimo mia moja na arobaini. Hakuhitaji kupima mengine matatu. Vipimo hivyo alikuwa navyo kichwani mwaka wa tano sasa.

Vilikuwa vya mteja wa ng'ambo. Mume wa fundi, aliyefanya kazi upande wa pili wa mpaka na kurudi kila mwisho wa mwezi, ndiye aliyemletea mkewe kazi ile: madirisha manne, mapazia manane ya kijani, kitambaa kizito, na kitambaa atoe fundi. Mapazia yakaenda. Kilichorudi ni salamu. "Mteja anakusalimu sana," mumewe alikuwa akisema kila mwezi huku akivua viatu, na fundi akajibu kwamba salamu zimefika.

Sasa mapazia yale yalikuwa mbele yake, kila moja na nukta ya uzi mwekundu kwenye pindo la chini. Hiyo ni alama yake mwenyewe, huiweka ili mtu asije akatundika pazia kichwa chini miguu juu. Aliishika ile nukta kwa vidole viwili, akakasirika mpaka masikio yakamwasha. Halafu akaona mapazia yamefuliwa vibaya, akakasirika upya.

Wifi yake, dada wa mumewe, alifika kabla ya adhuhuri. Huyu wifi ndiye aliyeanzisha yote. Mwaka uliopita alimvuta pembeni wakiwa kwenye foleni ya maji, akamnong'oneza kwamba kaka yake ana nyumba ndogo ng'ambo, na kwamba anamwambia kwa kuwa anampenda. Fundi alilia wiki mbili. Alimtafuta huyo mwanamke kwenye simu, kwenye mifuko, kwenye harufu ya mashati, asimpate, na kadiri alivyomkosa ndivyo alivyoamini kwamba ni mjanja kupindukia. Akadai talaka.

"Kumbe ulimaanisha nyumba," fundi alisema.

"Si nilisema nyumba, wifi?"

"Ulisema nyumba ndogo."

Wifi aliitazama kuanzia bati hadi msingi. "Kwani hii ni kubwa?"

Kilichoileta kilijulikana. Ijumaa iliyotangulia mume alisimama mahakamani akaapa orodha ya mali zake zote: kitanda, redio, na baiskeli isiyo na mnyororo. Hakimu akamuuliza kuhusu ng'ambo. "Mheshimiwa, ng'ambo sina nyumba, sina kibanda, sina hata tofali," alijibu kwa sauti iliyofika mbali. Nyumba ikamsikia, ikang'oka siku hiyo hiyo. Ilikuwa imemsitiri na mvua miaka mitano, na kukanwa hadharani kunauma. Ikamfuata mtu mwingine wa pekee iliyemfahamu, yule ambaye kazi ya mikono yake ilikuwa ikining'inia madirishani.

Katika talaka ile fundi alitaka kitu kimoja tu: chumba cha kulala kisicho na cherehani ndani. Tangu atengane na mumewe alikuwa akilala nyuma ya kibanda, miguu chini ya meza ya kukatia, akiamka na vinyuzi mdomoni. Kwa siku tisa alilala kwenye chumba cha kushoto cha nyumba ile. Aliyafua mapazia inavyopasa, akayapiga pasi, akayarudisha. Asubuhi nyumba ilikuwa inajigeuza kidogo ili apate jua. Alikuwa na furaha, na alimwambia hivyo wifi yake bila kuona aibu.

Siku ya kesi mahakama ilihamia kiwanjani, kwa sababu nyumba haikuenea kwenye lango la mahakama. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Aliizunguka nyumba, akagonga ukuta, akafungua faili.

"Ingebaki ng'ambo isingenihusu. Mamlaka yangu yanaishia mpakani," alisema. "Sasa iko hapa, inanihusu. Tatizo ni fomu. Nyumba inaandikwa kwenye mali isiyohamishika. Hii imehama."

"Basi iandikwe kwenye inayohamishika, mheshimiwa," fundi alisema.

"Huko wanataka namba ya usajili. Inayo?"

Karani alikwenda kutazama nyuma, pale magari yanapowekwa namba. Akarudi akitikisa kichwa.

"Mheshimiwa, mimi hiyo nyumba siijui kabisa," mume alisema. Tofali moja likaanguka karibu na kiatu chake.

Hakimu aliamua kwamba nyumba haina pa kuandikwa, na kisichoandikwa hakigawanywi. Mapazia yanahamishika bila ubishi: manne ya mume, manne ya mke. Kitanda apewe mume, redio apewe mke, na baiskeli ikipata mnyororo iletwe tena mahakamani.

Watu wakaanza kutawanyika. Fundi alipanda juu ya stuli, akawa anatoa pazia moja katika kila dirisha. Alipofika la nne, mume aliusogelea ukuta, akauwekea kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Nyumba yangu."

Bati lilitetemeka. Nyumba ikainuka.

"Yaani inaondoka hivi hivi?" wifi aliuliza.

"Imeitwa," fundi alisema.

Roho ilimuuma, hasa kwa kile chumba cha kushoto. Lakini kuilaumu hakuweza. Yeye mwenyewe alimfuata mtu yule yule miaka kumi na sita kwa kuitwa "mke wangu", kwa sauti ile ile ya chini, kila mwisho wa mwezi, pamoja na salamu. Akashuka na mapazia yake manne begani, akaiinua kamba mpya ya nguo ili nyumba isijikwae.

Iliondoka nyuma ya mume kwa barabara kuu, kila dirisha na pazia moja, na watu wa njia nzima wakaona kila kilichokuwa ndani. Forodha waliibandika karatasi nyingine: "Nyumba moja, iliyotumika. Inarudi." Fundi akarudi kwenye meza ya kukatia na vinyuzi vyake.

Mwezi ulipoisha, mtalaka wake alimpigia simu. Alimjulia hali vizuri tu, kisha akasema yule mteja wa ng'ambo anahitaji mapazia mengine manne, ya kijani, vipimo vilevile. Watu wanachungulia mno.

"Msalimie mteja," fundi alisema. "Lakini vipimo nimevisahau. Alete nyumba niipime."

"Nyumba gani tena?" mtalaka wake alisema, kwa sauti iliyofika mbali. "Mteja hana nyumba."

Fundi alimshukuru, akakata simu. Akachukua kapu, akatoka kiwanjani, akaanza kuanua nguo za majirani.