Dakika Kumi na Moja za Profesa

Itangazwe kwa vituo vyote vya phonie, tangu ziwani mpaka msituni, kwa mapadri, masista, makatekista, wanunuzi wa dhahabu na kila mwenye masikio: Profesa wa Bukavu, bingwa wa hoja, mfalme wa mawimbi, ambaye hajawahi kushindwa kwa neno, sasa anaketi kitini pake!

Kiti chenyewe kilikuwa kikasha cha sabuni kilichopinduliwa. Profesa alikuwa na miaka kumi na sita, na asubuhi ile alikuwa amenyimwa chai kwa kosa la kumvisha mbuzi wa jikoni tai ya mwalimu wa Kilatini. Jina lake Venant.

Mashine ya phonie ya shule, redio ya kusemezana na misheni za mbali, ilikuwa chini ya ulinzi wa Frère Stanislas, bruda mzee. Lakini masikio ya Frère yalikuwa yamechoka, na Venant alikuwa na Kifaransa safi na sauti nzito ya mzee, ingawa mwili ulikuwa bado kijiti. Basi kila siku saa nne, wenzake wakitoka kucheza, Venant alifungua mashine kwa robo saa, akapokea habari za vituo vya msituni, akaziandika katika daftari na kumpelekea Frère. Dawa zimekwisha. Fulani amefiwa. Tumeni mishumaa. Alhamisi ilikuwa na uzito wake: saa nne na nusu ndege ndogo ya wamisionari iliruka kutoka uwanja wa Kavumu kwenda Shabunda, msituni. Kituo kikiwa na urgence, yaani mgonjwa wa hatari, Frère alimpigia rubani simu kabla hajaruka, naye alitua huko njiani kumchukua.

Habari zikiisha, mabishano yalianza. Hapo hakuna aliyetumia jina lake, wala aliyemjua mwenzake kwa sura. Kulikuwa na Mama Mvua, na Simba Bila Meno, na Nyundo. Walibishana juu ya mpira, juu ya mvua, juu ya nani alaaniwe kwa bei ya chumvi, na vituo vyote vilisikiliza na kucheka. Kanuni ilikuwa moja: unafinya kifungo cha mikro, unasema, unamalizia kwa "à vous", yaani zamu yako, unaachilia. Kifungo kikiwa kimefinywa, wewe husikii mtu, na mwingine hawezi kupitisha neno lake.

Kwa wiki tatu Profesa na Nyundo walipigania bugari, yaani ugali. Nyundo, mlinzi wa phonie katika kituo kimoja cha upande wa Shabunda, alishikilia kwamba chakula cha mtu ni ndizi, na bugari ni gundi ya kubandikia matangazo. Jumatano moja akamaliza hivi:

"Profesa, weye unasema sawa mutoto mwenye mama yake anamukatia bugari bado. À vous."

Vituo vyote vilicheka. Mama Mvua alicheka mpaka akakohoa. Venant angeweza kuvumilia uongo wowote, lakini ule ulikuwa ukweli. Kipindi kizima cha jiometria alikitumia kuandika jibu. Lilijaa kurasa nne.

Alhamisi alifika kwenye mashine akihema. Kabla hajagusa mikro, sauti ya Nyundo ilikuwa tayari chumbani:

"Bukavu, Bukavu, unanisikia? Profesa, leo tuache michezo. Niko na urgence hapa, mutoto wangu..."

Venant akafinya.

"Aa! Leo ndizi zimekuwa urgence? Nyundo, usikimbie! Kaa chini, somo linaanza."

Akasoma. Alisoma kurasa zote nne bila kuachilia kidole, na mahali alipojipendeza alirudia. Aliwacheka wala ndizi, akaucheka msitu, akawacheka wanaoshika gazeti juu chini na kutikisa kichwa kama wanasoma. Saa ya ukutani ilihesabu dakika kumi na moja. Kisha akasema "à vous" kwa sauti ya askofu, akaachilia.

"Tafazali, Profesa, tafaza..."

Kengele ikalia. Venant akaona Nyundo anaomba huruma mbele ya Zaïre nzima.

"Terminé!" akasema, akazima mashine. Katika daftari aliandika: Hakuna habari.

Siku ya pili, alipofungua, hakukuta kicheko. Alikuta sauti moja tu, ya polepole.

"Vituo vyote, hapa Mama Mvua. Mimi njo Sista Adélaïde. Colombe, binti ya Papa Anaclet, ule tunamuita Nyundo, alikufa jana magaribi. Tangu juzi magaribi alikuwa anashindwa kuzaa. Mutoto naye hakupona. Tuliita Bukavu, tukaita, mashine ilikuwa imefungwa. Ndege ilipita juu ya kituo yabo. Batu batoka inje, bakaipungia nguo. Profesa, unanisikia? À vous."

Venant alifinya kifungo. Alikifinya tu ili asisikie, akakaa hivyo mpaka kengele ikalia na kidole kikafa ganzi.

Kisha akafungua daftari, akaandika habari ya kifo, na kando ya "Hakuna habari" ya Alhamisi akaongeza: Mikwaruzo, parasites nyingi. Hewa mbaya, kituo chochote hakikusikika. Frère Stanislas alisoma, akaamini. Jioni ile, katika kanisa la shule, aliwaombesha wanafunzi wote kwa ajili ya marehemu Colombe na mtoto wake asiye na jina. Venant aliitikia pamoja na wengine. Sauti yake nzito ilisikika vizuri sana.

Tangu hapo wenzake hawakumwelewa. Walimletea chura wa kumtia katika droo ya mwalimu wa hesabu. Alimpokea, akamtazama, akaenda kumwachilia mtaroni. Chakula cha bweni kilikuwa bugari kila siku, naye alikaa mbele ya sahani kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Kichwani aliandika upya lile jibu la Alhamisi. Kila alipoliandika lilikuwa fupi zaidi: ukurasa mmoja, mistari miwili, mwishowe neno moja tu, "Sema." Hilo tu ndilo lililotakiwa. Lingechukua muda wa kupiga chafya.

Halafu alijitetea. Hukusikia, alijiambia. Ulisikia kelele tu, ulisikia "michezo", hayo mengine yalikuja baadaye. Alikuwa bingwa wa hoja, basi alishinda kila mara, na kila ushindi ulimwacha amechafuka zaidi.

Wiki ya nne, mtu mmoja alisimama mlangoni mwa chumba cha phonie. Alikuwa mfupi, koti la mvua limemzidi, miguu imevimba kwa njia ndefu. Kitambaa cheusi kilikuwa kimeshonewa kwenye mkono wa koti. Venant alikuwa anafagia.

"Jambo, mwanangu. Minatafuta muzee Profesa. Mimi njo Anaclet."

Venant aliinama juu ya fagio. Mgeni akaendelea, kama mtu aliyekariri maneno njiani.

"Usiogope, sikuya kugombana. Niko na ulizo moja tu. Ile siku, alinisikia ao hakunisikia? Kama hakunisikia, basi ni mashine, na mashine haina roho, nitarudia kwangu nilale. Muke wangu naye analala hapana. Anauliza kila siku: ule muzee alikusikia?"

Midomo ya Venant ilikuwa na mazoea yake. Ilitunga kabla yeye hajafikiri.

"Profesa hayuko tena, papa. Walimuhamisha Lwiro, kwa mambo ya utafiti. Ni muzee sana, hata masikio yake..."

Papa Anaclet aliinua mkono.

"Sema tena."

"Nasema, walimuhamisha..."

"Hapana. Sema: à vous."

Fagio likaanguka. Mzee alikaa polepole juu ya kikasha cha sabuni, na kwa muda mrefu hakumtazama Venant. Halafu akanitazama.

Ndiyo, mimi. Nilidhani naweza kusimulia haya mpaka mwisho nikisema "Venant" na "yeye", kama nilivyosema "Profesa" mbele ya vituo vyote. Lakini macho ya Papa Anaclet hayakutafuta mtu mwingine chumbani mule. Yalipita juu ya shati langu la shule, juu ya magoti yangu, juu ya kidevu kisicho na ndevu.

"Ni weye," alisema. "Uko mutoto."

"Ndiyo, papa."

"Miaka?"

"Kumi na sita."

Alitikisa kichwa, kana kwamba hesabu haikubali.

"Colombe alikuwa na kumi na tisa. Ulinisikia?"

Nilitafuta parasites, radi, hewa mbaya. Vyote vilikuwepo, vimeandikwa kwa mkono wangu katika daftari pale mezani.

"Nilikusikia, papa. Nilisikia 'urgence'. Nilisikia 'mutoto wangu'. Halafu nikafinya."